Kulala mapema si dawa: namna ya kuurudisha usingizi uliokimbia

Mtu akilalamika kwamba hapati usingizi, ushauri wa kwanza anaopewa ni kupanda kitandani mapema. Ushauri huo ndio unaomharibia zaidi. Mwili ambao kwa sasa una uwezo wa saa 5 na dakika 45 za usingizi hauongezi kitu ukilazwa kwa saa 9. Zile saa 5 na dakika 45 zitatawanywa usiku kucha kama chai iliyozidishiwa maji: lisaa la kugaagaa mwanzoni, mang'amung'amu katikati, na macho makavu kabla ya alfajiri.

Njia iliyoelezwa hapa inakwenda kinyume na hivyo. Inapunguza muda wa kitandani kwanza, inaurudisha usingizi mzito, kisha inaongeza muda kidogo kidogo. Mtafiti Richard Bootzin alieleza mwaka 1972 sehemu yake ya kutoka kitandani usingizi usipokuja, Arthur Spielman na wenzake wakaleta ile ya kupunguza muda wa kitandani mwaka 1987, na mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, kikashauri kwamba tiba ya mazoea ya aina hii ndiyo ianze kabla ya vidonge kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu. Haihitaji kifaa. Inahitaji daftari, kalamu, saa ya kengele na wiki 6 hadi 8 za ukaidi.

Inamfaa mtu mzima ambaye nafasi ya kulala anayo ila usingizi hauji, au unakatika, angalau usiku 3 kwa wiki kwa miezi 3 au zaidi. Haimfai anayelala saa 5 kwa sababu kazi zake mbili na safari ya kwenda na kurudi vimebakisha saa 5 tu. Huyo usingizi anao, alichonyimwa ni muda. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kwa usiku, na hakuna mbinu ya kitandani inayoziba pengo la ratiba. Tutamrudia mwishoni.

Kinachovuta usingizi

Ni vitu viwili. Cha kwanza ni njaa ya usingizi: tangu unapofumbua macho asubuhi, kemikali iitwayo adenosini hujilimbikiza ubongoni, na kadiri unavyokaa macho ndivyo njaa inavyopanda. Cha pili ni saa ya mwili, kijisehemu cha ubongo kilichoketi juu ya pale mishipa ya macho inapopishana, ambacho huamua lini joto la mwili lishuke na lini melatonini, homoni ya usiku, itoke. Saa hiyo ikiachwa yenyewe huzunguka kwa zaidi kidogo ya saa 24, kwa hiyo kila siku inatakiwa kurekebishwa, na kirekebishi chake kikubwa ni mwanga.

Vyote viwili unavikamata kwa mpini mmoja: saa ya kuamka. Huwezi kujiamuru upitiwe na usingizi saa 4 usiku. Kuamka saa 12 asubuhi unaweza kujiamuru, na ukifanya hivyo kila siku, njaa na saa ya mwili vitakutana usiku mahali pamoja.

Nani asianze peke yake

Wiki mbili tatu za mwanzo za kupunguza muda wa kitandani utalala pungufu, kwa makusudi. Mwenye kifafa anaweza kupata degedege kwa kupungukiwa usingizi; mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, anaweza kupandwa na wazimu wa furaha; anayetembea usingizini anaweza kuzidi kutembea. Hawa wasianze bila daktari. Vilevile dereva wa safari ndefu, anayefanya kazi juu ya kiunzi, na anayeendesha mashine nzito. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya majaribio ya umakini kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, na hapo hajafika hata usiku wa manane wa siku yake.

Kisha kuna wasiokosa usingizi bali wanakosa pumzi. Mtu anakoroma kwa nguvu, mwenzake anasikia pumzi ikikatika halafu ikirudi kwa kishindo, anaamka na kichwa kizito na kinywa kikavu, anakwenda haja ndogo mara kadhaa, na presha yake haishuki kwa dawa. Shingo yenye mzunguko unaozidi sentimita 40 na umri unaopita miaka 50 huongeza shaka. Kipimo huhesabu mara ambazo pumzi inakatika au kupungua, kila mara kwa sekunde 10 au zaidi: mara 5 kwa saa ni tatizo dogo, 15 ni la kati, 30 ni kubwa. Tiba yake kuu ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, ambayo Colin Sullivan na wenzake waliieleza mwaka 1981. Kumpunguzia mtu huyu muda wa kitandani ni kumwonea bure.

Namna rahisi ya kuwatenganisha: aliyekosa usingizi huchoka mchana kutwa, lakini ukimpa mkeka saa 8 mchana bado hapitiwi. Aliyekatika pumzi husinzia kikaoni, kwenye foleni, mbele ya usukani.

Na kama kinachokuamsha ni miguu, yaani hamu ya kuichezesha inayozidi jioni na kutulia ukitembea, omba upimwe akiba ya madini ya chuma, kipimo kinachoitwa feritini. Ikiwa ni mikrogramu 75 kwa lita au chini yake, mara nyingi madaktari huongeza chuma hata kama damu yenyewe haijapungua.

Wiki 2 za daftari

Usibadilishe chochote bado. Kila asubuhi, ndani ya saa moja baada ya kuamka, andika:

- saa uliyopanda kitandani, na saa uliyozima taa ili ulale;
- dakika ulizochukua hadi kupitiwa;
- mara ulizoamka katikati, na jumla ya dakika ulizokuwa macho;
- saa uliyoamka mara ya mwisho, na saa uliyotoka kitandani;
- usingizi wa mchana, hata wa dakika 10 kwenye kochi;
- kafeini, pombe, sigara na dawa, kila kimoja na saa yake.

Makadirio yanatosha. Tena ni bora, kwa sababu anayetaka dakika kamili ataangalia saa usiku, na anayeangalia saa usiku hupiga hesabu ya usiku uliobaki, na hesabu hiyo humfukuzia usingizi. Geuza saa iangalie ukuta. Saa janja nazo ziache kabatini kwa kipindi hiki: zinakisia kwa kupima mtikisiko na mapigo ya moyo, kwa hiyo mtu aliyelala kimya akiwa macho huandikiwa kuwa kalala, na zile rangi za usingizi mzito na mwepesi ni makisio juu ya makisio.

Hesabu

Chukua mfano. Mtu anapanda kitandani na kuzima taa saa 4:00 usiku, anatoka saa 1:00 asubuhi. Hizo ni saa 9, au dakika 540. Wastani wa wiki mbili unaonyesha dakika 75 kabla ya kupitiwa, dakika 90 za kukaa macho katikati, na dakika 30 za kujilaza baada ya kuamka. Usingizi halisi ni 540 kutoa 195, sawa na dakika 345, yaani zile saa 5 na dakika 45. Gawanya 345 kwa 540: asilimia 64. Hiyo ndiyo tija ya kitanda chake. Mtu anayelala vizuri huwa na asilimia 85 au zaidi. (Asilimia 100 si sifa, ni dalili ya mtu aliyekauka kwa kukosa usingizi.)

Sasa panga:

1. Chagua saa ya kuamka utakayoiweza siku zote 7, ikiwemo ya mapumziko. Tuseme saa 12:00 asubuhi.
2. Muda wa kitandani uwe sawa na wastani wa usingizi wako halisi, ukizungusha hadi nusu saa ya juu. Mtu wetu tunampa saa 6. Usishuke chini ya saa 5 na nusu hata kama daftari linasema umelala saa 4. Wengi wetu tunapunja tunapokadiria.
3. Hesabu kurudi nyuma. Saa 6 kabla ya saa 12:00 asubuhi ni saa 6:00 usiku. Kabla ya hapo kitanda hakiguswi.
4. Endelea na daftari. Baada ya siku 7, piga tija ya wiki nzima. Ikifika asilimia 85, ongeza dakika 15 kwa kutangulia kulala, si kwa kuchelewa kuamka. Ikiwa kati ya 80 na 84, kaa hapo hapo. Ikiwa chini ya 80, punguza dakika 15, mradi usivunje ile sakafu ya saa 5 na nusu.

Wiki ya kwanza mtu wetu akilala dakika 320 katika 360, tija ni asilimia 89, na wiki inayofuata atapanda kitandani saa 5:45 usiku. Angalia kwamba usingizi wake umepungua kwa dakika 25 ukilinganisha na mwanzo. Hapo ndipo wengi huona njia imeshindwa, wakati ndipo inapoanza kushika: kilichokuwa vipande vinne kimekuwa kipande kimoja. Kutoka saa 6 hadi saa 7 ni ngazi 4, kwa hiyo ni wiki 4 kama zote zitakwenda sawa, na mara nyingi haziendi zote sawa. Unasimama pale ambapo mchana huna usingizi na usiku hakuna mapengo. Kwa wengine ni saa 6 na nusu, kwa wengine 8.

Saa za usiku zenyewe

Saa uliyojipangia ni saa ya mapema kabisa ya kupanda kitandani. Si amri. Ikifika na macho bado makavu, subiri. Uchovu na usingizi ni vitu viwili: uchovu unauma mgongo na kuleta hasira, usingizi unafanya kope ziwe nzito, kichwa kidondoke na mstari mmoja wa kitabu usomwe mara tatu. Unachosubiri ni hicho cha pili.

Ukishalala na ukahisi kwamba zimepita kama dakika 20 bila kupitiwa, au ukiona umeanza kukasirika hata kabla ya hapo, toka kitandani. Nenda chumba kingine. Kama chumba ni kimoja, kaa kwenye kiti. Taa hafifu, kitu kisicho na ushindani: kusoma, kukunja nguo, redio kwa sauti ya chini. Usifanye kazi za ofisini na usile. Rudi kope zikiwa nzito. Fanya hivyo hata mara tano kwa usiku mmoja. Sababu yake ni kwamba mwili hujifunza kwa kurudiarudia: miezi ya kukodoa macho kitandani imeufundisha kwamba kitanda ni mahali pa kukodolea macho, na inabidi ufundishwe upya kwamba ni mahali pa kulala na pa tendo la ndoa, basi. Kujisomea, simu, chakula na ugomvi vihamie kwingine.

Wanaoamka saa 9 usiku vichwa vikiwa vimejaa madeni na kazi, watenge dakika 15 mapema jioni, wakae mezani na kuandika kila jambo na hatua moja ya kesho. Jambo lililoandikwa huamsha mtu mara chache kuliko lililobebwa kichwani.

Panapoharibika

Kosa la kwanza kwa wingi ni lepe la kochini. Mtu amejipangia saa 6 usiku, saa 3 usiku anaegemea mto mbele ya televisheni, dakika 15 zinapita. Amekula vitafunio kabla ya mlo. Njaa ya usingizi imekatika na saa 6 usiku atakodoa. Saa ya mwisho kabla ya kulala ipite ukiwa umesimama au umekaa wima, hata kama ni kuosha vyombo.

La pili ni siku ya mapumziko. Kuamka saa 2 badala ya saa 12 asubuhi ni sawa na kuisafirisha saa ya mwili kanda mbili za saa, kisha kuirudisha siku inayofuata. Usiku wa kuamkia siku ya kazi unaharibika, na mtu analaumu mawazo ya kazi.

La tatu ni pupa. Usiku mbili umelala kama pono, unaongeza saa nzima. Mapengo yanarudi ndani ya siku tatu. Ongeza robo saa, mara moja kwa wiki, kwa kuangalia wastani. Usiku mmoja mbaya haumaanishi kitu, na mmoja mzuri pia.

Kati ya siku ya 3 na ya 10 baada ya kupunguza muda, tegemea hasira, usahaulifu na kusinzia. Ukisinzia mpaka unahofia kuendesha gari, usiendeshe. Ongeza nusu saa ya muda wa kitandani na uende polepole. Usingizi wa mchana uruke ukiweza. Ikibidi, dakika 20 kabla ya saa 9 alasiri, na uweke kengele, maana ukipita nusu saa unaingia usingizi mzito na kuamka umelewa.

Vidonge havikatishwi ghafla. Aliyetumia dawa za jamii ya diazepamu kila siku akiacha kwa mkupuo anaweza kupata degedege. Dozi hupunguzwa na daktari kwa wiki au miezi, na kazi ya kitandani iende sambamba. Dawa za mafua na mzio zinazotumiwa kama za usingizi hupoteza nguvu baada ya siku chache, na kwa wazee huleta kuchanganyikiwa na kuanguka. Melatonini si kidonge cha kulaza. Kazi yake ni kuisogeza saa ya mwili, na inamfaa zaidi aliyevuka kanda za saa au ambaye saa yake imechelewa.

Tatizo likirudi baada ya miezi, kwa msiba au ugonjwa, usianze kwa kulala mapema ili ufidie. Shika saa ileile ya kuamka, kata nusu saa upande wa kulala, fungua daftari kwa wiki moja.

Kafeini, pombe, mwanga

Vipeperushi vya kanuni kumi za kulala vizuri haviponyi tatizo sugu vikiwa peke yake, na wanaovigawa wanapaswa kulisema hilo. Lakini mambo machache yana uzito.

Kafeini huziba mahali adenosini inapotakiwa kukaa, kwa hiyo njaa ipo ila husikii. Nusu yake hubaki mwilini baada ya takriban saa 5. Miligramu 200 za saa 10 jioni ni 100 saa 3 usiku na 50 saa 8 usiku. Jaribio la mwaka 2013 lilionyesha kwamba miligramu 400 zilizomezwa saa 6 kabla ya kulala zilikata zaidi ya saa nzima ya usingizi. Kwa mjamzito na kwa anayemeza vidonge vya kupanga uzazi hukaa muda mrefu zaidi. Wakati wa mpango huu, kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa 6 mchana.

Pombe hulaza upesi na kuamsha upesi: ini likishaimaliza, nusu ya pili ya usiku hupasuka vipande, na koo lililolegea hukoroma zaidi.

Mwanga wa asubuhi unapatikana nje, nusu saa ya kwanza baada ya kuamka. Hata kukiwa na mawingu, nje mara nyingi hupita luksi 1,000 (luksi ni kipimo cha mwanga). Ndani mara chache hufika 500, ingawa jicho halioni tofauti kubwa. Jioni, maji ya moto ya kati ya nyuzi 40 na 42, kwa dakika 10, saa 1 hadi 2 kabla ya kulala, husaidia kwa njia ya ajabu kidogo: damu hukimbilia kwenye ngozi, joto la ndani linatoka, na mwili unaopoa ndio unaolala.

Kwa anayepanga ratiba za wengine

Yule mwenye saa 5 tu hawezi kusaidiwa na daftari. Anasaidiwa na aliyeandika ratiba yake ya zamu. Zamu zizunguke kwenda mbele, asubuhi kisha jioni kisha usiku, kwa sababu saa ya mwili hukubali kuchelewa kuliko kuwahi. Kati ya zamu moja na nyingine ziwepo saa 11 mfululizo za mapumziko, kiwango ambacho Umoja wa Ulaya umekiweka katika agizo lake la mwaka 2003. Usiku wa mfululizo usizidi 3. Aliyemaliza zamu ya usiku asirudi nyumbani akiendesha mwenyewe. IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, iliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani mwaka 2007, ikarudia hivyo mwaka 2019. Gharama ya zamu hizo si uchovu tu.

Shuleni hesabu ni nyepesi na hupuuzwa. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10, na katika umri huo saa ya mwili husogea mbele, hivyo kumwambia alale saa 3 usiku ni kumwambia akodoe dari. Mwaka 2014 American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, ilishauri masomo ya rika hilo yasianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, na California imeifanya sheria kwa shule za sekondari tangu 2022.

Kliniki nayo inapima presha, uzito na sukari, lakini usingizi haiuulizi, ingawa American Heart Association, chama cha afya ya moyo cha Marekani, iliuongeza katika orodha yake ya vipimo 8 vya afya ya moyo mwaka 2022. Maswali matatu ya mezani yanatosha, na hayamalizi dakika 2: Unalala saa ngapi siku za kazi, na ngapi siku za mapumziko? Je, kuna anayekusikia ukikoroma au ukikatika pumzi? Ukikaa kimya mchana, unasinzia? Tofauti ya saa 2 au zaidi kwenye swali la kwanza inaelekeza kwenye ratiba. Ndiyo kwenye la pili na la tatu inaelekeza kwenye kipimo cha pumzi. Hapana kwa yote mawili, na bado analalamika kwamba halali, apewe daftari na tarehe ya kurudi baada ya siku 14.